Ukimkuta binti anaangalia Wakorea, kaa naye

Mama zangu, leo chanjo tuiache kidogo. Juzi nimetoka zamu ya usiku, nafika nyumbani Ngokolo namkuta binti yangu kaganda kwenye Weightlifting Fairy Kim Bok-joo, ile tamthilia ya Kikorea ya mwaka 2016. Nilitaka kuzima. Miguu ikanishinda, nikakaa.

Bok-joo yuko chuo cha michezo, ananyanyua vyuma, baba yake anauza kuku wa kukaanga. Basi anampenda daktari wa kupunguza unene, anajiandikisha kliniki kwake kwa siri na kumdanganya kwamba yeye ni mpiga muziki. Yaani anaona aibu na kitu anachokiweza kuliko wote!

Nikamuuliza mwanangu, we ungefanyaje? Tuliongea mpaka chai ikapoa. Mambo ambayo nikiyaanza mimi huwa ananuna.

Sasa wewe unayesema Wakorea wanaharibu watoto, kumbuka utafiti wa afya wa taifa wa 2010: Shinyanga (Simiyu ikiwa bado ndani) karibu wanawake 6 kati ya 10 wa miaka 20 hadi 24 waliolewa kabla ya 18. Hao hawakuharibiwa na Mkorea. Wangapi waliwahi kuulizwa na mama yao, unataka kuwa nani? Kijana wa bodaboda hapo nje anamsubiri binti yako hata ukizima TV.

Ila usiku wa manane siku ya shule, hapana. Flashi ninayo mimi mpaka Ijumaa.