Kujua Mwisho Si Kasoro

Kila Desemba lawama ni ileile: filamu za mapenzi za Krismasi hazina maana, kwa sababu dakika ya kumi haijafika mtazamaji keshajua nani atamwoa nani. Hata wanaozipenda hulikubali shtaka hilo, wakijitetea kwamba wanapumzisha akili tu. Naona wote wanagombania jambo lisilo na kosa. Watoto wanajua Sungura atamshinda Fisi, na kesho yake wanaomba wasimuliwe tena, kwa kuwa katikati ya hadithi Fisi yuko karibu na njaa yake ni ya kweli.

Itazame The Shop Around the Corner, aliyoiongoza Ernst Lubitsch mwaka 1940. Wafanyakazi wawili wa duka moja mjini Budapest, Kralik na Klara, hawaivi chungu kimoja, kumbe ndio wanaoandikiana barua za mapenzi bila kujuana. Watakakoishia ni wazi mno. Lakini Krismasi ikikaribia, Kralik anafukuzwa kazi kwa sababu tajiri wake, mzee Matuschek, anamshuku kuwa anatembea na mkewe. Akija kugundua kuwa mgoni ni mfanyakazi mwingine, mzee anataka kujipiga risasi. Anaokolewa na kijana wake wa kutumwa. Kisha mkesha wa Krismasi unafika. Matuschek anasimama nje ya duka akitafuta wa kula naye, na kila mfanyakazi ana kwao pa kwenda, mpaka anampata tarishi mpya, kijana asiye na jamaa mjini. Wanaondoka pamoja kwenda kula. Mimi hulia hapo kuliko wapenzi wanapokumbatiana.

The Apartment ya Billy Wilder, iliyopata Oscar ya filamu bora ya 1960, inathubutu zaidi. Fran, mwendesha lifti, anapewa noti ya dola 100 mkesha wa Krismasi na bosi aliyemchezea, mwanamume mwenye mke, na usiku huohuo anameza vidonge vya usingizi. Hiyo ni filamu ya kuchekesha, na anayemfaa Fran unamjua mapema.

Sasa fungua chaneli ya televisheni ya Hallmark, iliyoanza msimu wake maalumu wa Krismasi mwaka 2009. Filamu zake nyingi hupigwa Canada, mara nyingine katikati ya kiangazi, waigizaji wamevaa makoti mazito juani. Theluji bandia hainiudhi hata kidogo. Kinachoniudhi ni kwamba hakuna anayeogopa chochote. Duka la mikate liko hatarini kufungwa, lakini humwoni mwenyewe akihesabu hela. Mke aliyefariki anatajwa ili baba awe huru kuoa, basi. Mwanamke anaacha kazi ya jijini bila kuwaza kodi ya nyumba.

Nitaambiwa watu wapweke na wagonjwa hufarijika nazo. Najua, na hasira yangu ni kwa ajili yao. Wanastahili kujiona humo ndani. Wala hofu ya kweli haikufia kwenye filamu za kale: katika While You Were Sleeping ya 1995, Lucy, mkusanya nauli wa treni za Chicago, anaombwa na bosi wake ashike zamu ya Krismasi kwa kuwa ni yeye pekee asiye na familia. Filamu nzima, na uongo wote anaouingia baadaye, vinaanzia kwenye zamu hiyo.