Kompyuta Nzuri ya Nyumbani Siyo Ile Inayong'aa



Kila muhula unapokaribia, matangazo madukani huwa ni yale yale: kompyuta ya mkononi yenye nguvu, ya kisasa na ya kupendeza, kwa ajili ya familia. Pichani ni nyembamba kama daftari na ganda lake linang'aa. Sisi tunasema wazi kwamba kompyuta za namna hii zinakula fedha za familia zetu, na umefika wakati tuache kudanganywa na sura.

Tuangalie tulikotoka. Tarehe 15 Januari 2008, mjini San Francisco, Steve Jobs aliichomoa MacBook Air kutoka ndani ya bahasha ya ofisi na ukumbi mzima ukashangilia. Uzito wake ulikuwa kilo 1.36 na bei ilianzia dola 1,799. Lakini ndani ya uzuri ule mlikuwa na nini? RAM ya GB 2 iliyotiwa lehemu kwenye bodi, isiyoweza kuongezwa kabisa. Betri iliyofungiwa ndani. Tundu moja tu la USB. Mnunuzi alilipa zaidi ili apate pungufu! Watengenezaji wengine wakafuata njia hiyo, na leo kompyuta nyingi nyembamba za nyumbani zimejengwa hivyo hivyo.

Ubaya uko wapi? Ni kwamba betri huzeeka, diski huharibika, na programu huzidi kuwa nzito mwaka hadi mwaka. Kompyuta inayofunguka, fundi huiongezea RAM kwa muda mfupi na mtoto akaendelea na masomo. Ile iliyofungwa haina dawa, inabidi ununue nyingine.

Iko familia moja katika jumuiya yetu iliyoweka akiba miaka miwili ili kumnunulia binti yao kompyuta ya chuo. Walichagua ile nzuri kuliko zote dukani, yenye RAM ya GB 4. Alipofika mwaka wa tatu, wakati wa kuandika utafiti wake, ilikuwa inakwama kila akifungua kurasa mbili. Fundi aliifungua, akaitazama, akaifunga. Hapakuwa na nafasi ya kuongeza kitu. Binti akamaliza kazi yake kwa kuazima kompyuta za wenzake usiku.

Wako watakaosema kwamba mwanafunzi anabeba begi mgongoni, hivyo anahitaji kitu chepesi. Ni kweli. Lakini wepesi haulazimishi kufungwa. Mwaka 2021 kampuni ya Framework ya Marekani ilitoa kompyuta ya kilo 1.3 ambayo RAM, diski, betri na hata kioo chake mwenyewe unaweza kubadilisha kwa bisibisi moja. Basi wanaofunga wanafunga kwa hiari yao, na hasara ni yetu.

Wengine hununua kwa ajili ya macho ya watu. Hao tunawaambia kwa upole kwamba hiyo ni israfu, na karo ya mtoto ina haki zaidi.

Tufanye nini? Kabla ya kutoa fedha, tumuulize muuzaji mambo matatu: RAM inaongezeka? Diski inabadilishika? Betri yake inapatikana hapa mjini? Akibabaika, tuondoke. Tusidharau pia kompyuta za ofisi zilizotumika. ThinkPad T480 ya mwaka 2018 ni nyeusi na haina urembo wowote, lakini ina nafasi mbili za RAM, na betri yake ya nyuma huchomolewa kwa mkono bila bisibisi.

Tahadhari moja kwa wanaonunua zilizotumika: msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel kwa kawaida ni kuanzia kizazi cha 8. Kilicho chini ya hapo, hata kikiwa rahisi na kizuri, tukiache.

Wazazi wenzetu, kompyuta ya nyumbani ni chombo cha kazi kama jembe. Hakuna mkulima anayechagua jembe kwa rangi ya mpini. Insha'Allah tuwanunulie watoto wetu kitakachowafikisha mwisho wa masomo yao.