Muuguzi akileta karatasi, aseme pia kwamba tunaweza kukatala

Sisi wa familia za wachimbaji, munganga mkubwa tunamuonaka mara moja moja, tena mbio mbio. Mtu tunayemjua ni muuguzi. Ni yeye anapima mutoto, ni yeye anatuchoma shindano, ni yeye anajua ni baba gani anarudi kutoka shimoni na kikohozi kisichoisha. Njo maana watu wa université wakitafuta wagonjwa kwa uchunguzi wao, ile banaitaka recherche, hawaji kupiga hodi kwetu. Wanapita kwa muuguzi. Yeye njo mlango.

Hatusemi ni vibaya. Bila uchunguzi, mambo mengi juu ya miili yetu tusingeyajua. Watu wa Kolwezi wanakumbuka Kasulo, mtaa ambamo tangu 2014 kobalti inachimbwa katikati ya nyumba. Wachunguzi wa Lubumbashi na wa Leuven, kule Ubelgiji, walipima damu na mikojo ya watu 72 wa pale, 32 kati yao watoto. Mwaka 2018 walitangaza: kobalti ilikuwa nyingi mwilini mwao kuliko kwa watu wa mtaa wa karibu usiochimbwa, na kwa watoto ilizidi. Mwaka 2020 ikatoka ile ya maternité za Lubumbashi. Watoto 138 waliozaliwa na kilema kinachoonekana walilinganishwa na 108 waliozaliwa wazima, na hatari ilikuwa kubwa zaidi pale baba anapofanya kazi ya madini. Watoto waliohesabiwa si wengi, kwa hiyo kipimo chenyewe hakiwezi kuwa kamili. Lakini kama wale wamama hawangekubali kuulizwa, nani angesema neno hilo kwa sauti?

Sasa tufikiri siku kama ile. Mama amezaa mutoto mwenye kilema, analia. Muuguzi aliyemushika mkono usiku mzima anakuja na karatasi. Mama atasema hapana namna gani? Hatusemi kwamba pale Lubumbashi mtu alilazimishwa. Hatuna neno hilo. Tunasema tu kwamba mwenye kukuhudumia akikuomba kitu, ule si mdomo wa kukatala kwa urahisi. Unaogopa kwamba kesho atapita kitanda chako bila kukuangalia.

Ndugu yetu mmoja, lopitali hatuitaje, alimpeleka bibi yake mgonjwa wa kifua kikuu. Muuguzi akamwambia: "Tia sahihi hapa, kisha dawa itatoka." Akatia. Miezi ikapita ndipo akajua dawa za kifua kikuu zinatolewa bure kwa kila mgonjwa, na kwamba karatasi ile ilikuwa ya kuruhusu damu ya bibi yake iende kwa uchunguzi. Tulimuuliza kama alikasirika. Akajibu: "Wangeniuliza tu vizuri, ningekubali."

Iko pia mambo ya makuta, na tuyaseme. Muuguzi wetu analipwa kidogo, mara nyingine anangojea prime tu. Uchunguzi ukija na feza kwa kila mgonjwa anayeingizwa, hapo mgonjwa anakuwa kama mufuko wa madini kwenye mizani. Sisi tunaijua mizani ile. Afazali muuguzi alipwe kwa saa anazofanya, akubaliwe au akatalwe, na sisi tuambiwe analipwa na nani.

Kanuni ya jambo hili ni ya zamani. Minganga wa dunia waliiandika Helsinki mwaka 1964, wakaitengeneza mara nyingi, ya mwisho 2024. Inasema kwamba mgonjwa akiwa anamtegemea yule anayemtunza, ruhusa iombwe na mtu mwingine mwenye ujuzi, asiyehusika na matunzo yale. Na mgonjwa akikatala, matunzo yake yasiguswe. Tunajua, kuna vituo ambamo muuguzi ni mmoja tu, na yeye njo anafagia. Basi angalau atuache tubebe karatasi nyumbani usiku mmoja, na asiyejua kusoma akae na mtu wake wa kumsomea.

Kitu kigumu zaidi muuguzi anachopaswa kusema ni hiki: "Dawa hii hatujui kama itakusaidia." Wengi hawapendi kukisema, juu mgonjwa anataka tumaini. Tuangalie mpox. Dawa inayoitwa tecovirimat ilijaribiwa Tunda, Maniema, na Kole, Sankuru, kwa watu karibu 600. Wengine walipata dawa, wengine kidonge kisicho na kitu, na kura njo iliamua. Mwaka 2024 matokeo yalisema vidonda havikupona mbio zaidi kwa wenye dawa. Lakini katika makundi yote mawili walikufa watu 1,7 tu kwa 100, chini ya hesabu ya wagonjwa wa mpox wa inchi nzima, ambayo ilikuwa 3,6 au zaidi. Wale wote walilazwa lopitali, wakatunzwa vizuri. Kidonge hakikufanya kazi. Chakula, maji na mikono ya wauguzi vilifanya. Muuguzi aliyewaambia wagonjwa ukweli tangu mwanzo, leo anaweza kurudi kwao bila haya.

Kurudi ndiko tunakokungoja. Damu inatoka Kolwezi, mikojo inatoka Likasi, vinaenda labo, na mara nyingi kinachorudi ni kimya. Aliyekuja na karatasi ya kuingia aje na karatasi ya matokeo, katika kiswahili chetu, na akae chini kutuelezea.

Yule ndugu yetu, mwaka wa pili huu, bado anangoja habari ya damu ya bibi yake. Alimuuliza muuguzi. Muuguzi alimwambia kwamba naye hakuambiwa kitu.