KAZI ZA MIKONO: Kerezo Kuukuu Katika Banda la Nyumbani

Kukereza si kazi ngeni katika nchi hizi. Miguu ya vitanda vya kale vya Lamu, yenye mafundo na mabonde yaliyofuatana, ilifanywa kwa kerezo. Lakini siku hizi kerezo humfikia mtu kwa njia nyingine: shule yauza vyombo vyake vikuukuu, au seremala mzee aacha kazi, na karani au mkulima mwenye banda nyuma ya nyumba aona chuma kilichojaa kutu kikiuzwa kwa bei nafuu. Je, atanunua mashine ama mzigo?

Kutu si sababu ya kulikataa. Kutu ya juu hutoka kwa mafuta ya taa, brashi ya waya na subira ya jioni mbili. Kwanza kitazamwe kitanda cha kerezo, yaani vile vyuma virefu vinavyobeba kichwa na mkia. Kwa kawaida ni chuma cha kusubu, ambacho kikiisha kupasuka ni vigumu sana kuungwa kikawa sawa. Kigongwe kwa nyundo ndogo: kilicho kizima hulia vizuri, na kilichopasuka hutoa sauti ya chungu chenye ufa. Kisha mnunuzi aushike mhimili wa kichwa na kuutikisa juu na chini. Ukicheza, gololi au bushi zake zimelika. Hizo huweza kubadilishwa. Lakini kerezo lenye mhimili uliopinda na kitanda kilichopasuka halifai, hata likitolewa bure. Ukanda, egemeo la patasi, meza na hata mota vyaweza kupatikana baadaye.

Likifika nyumbani, hapo ndipo wengi huharibu. Hulifunga upesi juu ya meza nyembamba, hukaza bolti zote, kisha hushangaa likiruka kama punda. Sakafu ya banda ni nadra kuwa sawa, na bolti ikikazwa juu ya pengo, kitanda hupindika. Basi ncha ya kichwa na ncha ya mkia hazielekeani tena. Yafaa kerezo liwekwe kwanza bila kufungwa, lipimwe kwa pimamaji kwa urefu na kwa upana, na kila pengo chini ya miguu yake lijazwe kipande cha bati. Likiisha kutulia, ndipo bolti zikazwe kidogo kidogo, moja baada ya nyingine. Kisha mkia usogezwe mpaka ncha mbili zikaribie kugusana. Zisipoelekeana, bolti zilegezwe na kazi ianze tena. Hakuna njia ya mkato.

Meza na iwe ya mbao nzito, tena chini yake pawekwe sanduku la mchanga ili isitetemeke. Ncha ziwe kwenye kimo cha kiwiko cha fundi aliyesimama wima. Meza iliyotoka shuleni pamoja na kerezo huenda ilifanywa kwa kimo cha watoto, na mtu mzima ataumwa mgongo kabla ya saa sita.

Mota nyingi za umeme wa Kenya huzunguka kama mara 1,440 kwa dakika. Gurudumu la inchi 2 la mota likivuta gurudumu la inchi 4 la kichwa, kerezo litazunguka kama mara 720, na huo ni mwendo mwema wa kuanzia. Mguu mwembamba wa kiti waweza kwenda upesi zaidi. Gogo pana la bakuli, ambalo bado halijawa duara, liende polepole kuliko hapo, kwa maana likichomoka laweza kumwua mtu. Nyaya, pamoja na ule wa ardhi, zifungwe na fundi wa umeme. Pasipo na umeme, kanyagio na gurudumu zito la kuhifadhi mwendo hutosha kabisa.

Tai ya ofisini, mikono mirefu ya shati na glavu vyote hunaswa, basi visivaliwe. Miwani ya kukinga macho ni lazima. Vumbi la mvule huwasha ngozi na kifua, kwa hiyo afadhali kazi ya kwanza iwe mpini wa bobari, kwa kipande kikavu cha mti mwingine kutoka shambani. Mpini huo ukiisha, bolti zote zikazwe tena, maana meza ya mbao hulegea siku ya kwanza.