Acheni Kuwafundisha Vijana Kujificha

Kila msimu wa maombi ya Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza ulioanza mwaka 1983, vijana wetu wenye akili wanajiangusha wenyewe kwa kalamu. Insha zinamuuliza mwombaji habari za uongozi wake, anavyojenga mahusiano, kwa nini kachagua kozi anazoomba, na akimaliza atafanya kazi gani. Anaulizwa yeye. Anajibu kama tangazo la ofisi: "Nina shauku kubwa ya kuleta mabadiliko chanya katika jamii yangu." Jamii ipi? Mabadiliko gani? Sentensi hiyo yeyote anaweza kuitia sahihi, kuanzia Bukoba hadi Mtwara, na ndiyo maana haimsaidii yeyote.

Tumewaharibu sisi. Tuliwakaririsha "Husika na kichwa cha habari hapo juu" mpaka wakaamini kwamba kuandika rasmi ni kujifuta. Na sasa wapo wanaowauzia insha zilizopikwa tayari kwenye makundi ya WhatsApp. Hao ni wezi. Siku ya usaili mwombaji huhojiwa juu ya aliyoyaandika, na insha ya kununua haimpi la kujibu.

Chukua muuguzi wa zahanati ya kijijini. Chanjo zake nyingi lazima zikae kwenye nyuzi joto 2 hadi 8. Umeme ukikatika usiku, zinaweza kuharibika kimyakimya. Akapanga zamu ya kusoma kipimajoto asubuhi na jioni, akaandika kila alichosoma, akaing'ang'ania ofisi ya mganga mkuu wa wilaya mpaka jokofu la sola likaletwa. Uongozi ndio huo! Aandike "nilipanga", "nilidai", "nilikataliwa, nikarudi". Hayo si majivuno. Lugha iwe safi, sentensi zinyooke, misimu ya mtaani ibaki mtaani. Urasmi unaotakiwa hauzidi hapo.

Wala sitetei kulialia. Zipo insha zinazoanza na kifo cha baba na kuishia papo hapo, kana kwamba ufadhili ni rambirambi. Msiba wako una heshima yake. Utaje ikiwa ulikusukuma kufanya jambo, kisha ueleze jambo lenyewe.

Walimu, na ninyi mnaoombwa kupitia rasimu: acheni kufuta "nili-" za watoto wa watu. Rasimu ambayo ukiziba jina huwezi kumjua mwenyewe, irudisheni ikaandikwe upya.