Mwangalizi Naye Aangaliwe



Bima, ambayo wengi wetu twaiita asiransi, ni biashara ya ahadi. Mtu hutoa fedha leo ili asaidiwe siku ya ajali, ya moto au ya tetemeko. Ukweli wa ahadi hiyo huonekana siku ile ambapo amekwisha kupoteza mali, naye hana tena nguvu ya kushindana na kampuni. Kwa sababu hiyo serikali huweka mwangalizi wa bima. Twajiuliza: mwangalizi huyo apatikane kwa njia gani, na amtumikie nani?

Huko Marekani, kuangalia bima ni kazi ya kila jimbo. Katika majimbo 11 wananchi humchagua kamishna wa bima kwa kura, na California ni mojawapo. Hapo awali gavana ndiye aliyemteua. Mnamo Novemba 1988, watu waliochoshwa na kupanda kwa bei ya bima ya magari walipigia kura sheria iitwayo Pendekezo la 103. Kampuni zilitumia mamilioni mengi ya dola kuipinga, lakini ilipita. Iliagiza bei zipunguzwe, kampuni zisizipandishe bila kibali, na kamishna achaguliwe na wananchi. Mwaka 1990 John Garamendi akawa wa kwanza kuchaguliwa hivyo.

Je, kura ilitosha? Tarehe 17 Januari 1994 tetemeko la Northridge liliharibu maelfu ya nyumba katika eneo la Los Angeles. Mwaka huohuo Chuck Quackenbush alichaguliwa kuwa kamishna, na kampeni zake zilipokea michango ya kampuni za bima. Wenye nyumba wengi walilalamika kwamba walipunjwa fidia. Badala ya kuzitoza kampuni faini kubwa, kamishna alipatana nazo zichangie mifuko iliyoundwa kwa mpango wa ofisi yake, na sehemu ya fedha hizo ikalipia matangazo ya televisheni yaliyomwonyesha yeye mwenyewe. Wabunge wa jimbo walichunguza jambo hilo, naye akajiuzulu mwaka 2000.

Sisi twaona fundisho hapa. Kura humpa mtu cheo, lakini haimpi uhuru ikiwa mwingine ndiye aliyemlipia kampeni. Mwananchi hulikumbuka jina la kamishna siku ya kupiga kura tu. Kampuni hulikumbuka kila siku. Basi mgombea wa cheo hicho aulizwe kwanza: fedha zako zatoka kwa nani?

Aulizwe pia kama asema kweli juu ya gharama. Moto wa Novemba 2018 uliteketeza mji wa Paradise, California, na baada ya mioto ya namna hiyo kampuni nyingi zilikataa kuendelea kuzikatia bima nyumba zilizo karibu na misitu. Mwaka 2023 State Farm iliacha kupokea wateja wapya wa bima ya nyumba jimboni humo. Kamishna aweza kukataa bei mpya. Hawezi kuilazimisha kampuni ibaki daima. Anayeahidi bei ndogo kwa wote bila kueleza nani atalipa hasara, huyo awadanganya wapiga kura.

Wengine watasema: afadhali ateuliwe mtaalamu. Yawezekana, lakini aliyeteuliwa naye humtazama aliyemteua. Kwetu Kongo, kwa miaka mingi SONAS ilikuwa peke yake katika biashara hii, mpaka sheria ya Machi 2015 ilipofungua mlango kwa kampuni nyingine chini ya uangalizi wa ARCA. Viongozi wa ARCA hatuwapigii kura. Hata hivyo twawachagua wabunge, na kazi ya mbunge ni kuzihoji taasisi za serikali.

Kwa hiyo, vijana, mgombea ubunge akija mtaani, msimwombe fulana wala kinywaji. Mwulizeni: ajali ikitokea, mwenye pikipiki aliyelipa asiransi husubiri fidia muda gani? Nani hupokea malalamiko yake? Wewe utamhoji nani, na lini utaturudishia jibu? Andikeni majibu yake katika daftari la kikundi, mkayasome tena mbele yake atakaporudi kuomba kura.