Kipimo Kikisema Hapana



Madrasani tulifunzwa kwamba mwenye kusema jambo huulizwa dalili yake. Utabibu nao una dalili zake, nazo hupatikana kwa utafiti. Lakini daktari kuijua dalili ni jambo moja, na kuifuata mbele ya mgonjwa ni jambo jingine.

Tuwatazame ndugu zetu wa Kendu Bay, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, ambako malaria ni mgeni asiyeaga. Kwa miaka mingi mtoto akishikwa na homa alipewa dawa ya malaria bila kupimwa. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, kwani homa huletwa pia na nimonia na maradhi mengine yasiyotibiwa na dawa hiyo. Hata hivyo, watafiti nchini Kenya na Tanzania wamekuta wagonjwa ambao kipimo hakikuonyesha malaria, nao wakapewa dawa yake vilevile.

Kwa nini? Kwanza ni mazoea. Lililorithiwa kwa mwalimu haliachwi upesi, hata likiwa na madhara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliowahusu watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania waliozidiwa na homa na mzunguko wa damu ukiwa dhaifu, ulionyesha kwamba kuwatia maji ya mshipa kwa haraka, jambo lililodhaniwa kuokoa maisha, kuliongeza vifo: takriban 11 katika kila 100, dhidi ya 7 kwa wasiotiwa. Watoto wa kuhara hawakuwamo katika utafiti huo.

Pili ni uhaba. Vipimo vikiisha na foleni ikafika mlangoni, daktari hana budi kukisia.

Tatu ni sisi wenyewe. Mama ametoka mbali na nauli ya bodaboda ameilipa. Akiambiwa mtoto hana malaria, huona amerudishwa mikono mitupu. Nyumbani baba atauliza: dawa iko wapi? Daktari huyaona hayo usoni mwake, akaandika dawa ili waachane kwa wema. Mama huondoka ameridhika, na ugonjwa wenyewe ukabaki mwilini mwa mtoto.

Wazazi wenzetu, kipimo kikisema hapana, tusidai dawa. Tuulize: ikiwa si malaria, ni nini? Nirudi lini? Na mtoto akishindwa kunyonya, akipumua kwa shida au akipatwa na degedege, tusingoje siku ya kurudi. Tumkimbize hospitali saa ile ile. Na akina baba, mama akirejea bila dawa, tumuulize kwanza daktari amesema nini.

Mtoto ni amana. Tumrahisishie daktari kuifuata dalili, asilazimike kuturidhisha sisi.

Wabillahi tawfiq.